Kuisoma Karatasi ya Oili Baada ya Injini Kutengenezwa

Katika nchi yetu hii ya Tanga injini ni nyingi: ziko katika malori yaendayo Muheza na Korogwe, katika mashua za Pangani, na katika mitambo ya mashamba ya mkonge. Injini ikiharibika hufunguliwa, hutiwa beringi mpya na ringi mpya, na mwenyewe hutoa fedha nyingi. Baada ya siku kadha wa kadha oili yake hutiwa katika kichupa ikapelekwa maabara, na jibu hurudi katika karatasi iliyojaa tarakimu. Hapo ndipo ugomvi uanzapo. Mwenye mali huona chuma kingi na shaba nyingi, akamwita fundi mwizi, na pengine akaamuru injini ifunguliwe tena. Basi leo natuisome karatasi hiyo pamoja, kabla mtu hajadhulumiwa.

Elimu hii si ya jana. Mwaka 1946, huko Marekani, maabara ya reli ya Denver and Rio Grande iligundua ubovu wa injini za dizeli kwa kupima metali iliyomo katika oili iliyokwisha kutumika. Hesabu yake ni ya sehemu katika milioni: 1 maana yake ni gramu 1 katika tani nzima ya oili.

Kila metali ina mahali itokapo. Chuma hutoka katika silinda, krenki na gia. Alumini aghalabu katika pistoni. Kromi katika ringi. Risasi, bati na shaba katika beringi. Sasa sehemu mpya hazijazoeana, nazo hulikana kidogo mpaka zikae sawa, mfano wa jiwe jipya la kusagia ambalo unga wake wa kwanza huwa na mchanga. Kwa hiyo oili ya kwanza baada ya matengenezo hapana budi kuwa na metali nyingi, na karatasi ya kwanza haitoshi kumhukumu fundi.

Tuseme karatasi ya kwanza yasema chuma 90, na oili ilifanya kazi saa 50. Ya pili nayo yasema 90, lakini kwa saa 150. Asiyetazama saa atasema hakuna kilichobadilika. Wanafunzi, gawanyeni: ulaji wa chuma umeshuka hata theluthi moja ya ule wa kwanza! Tena kumbukeni kuwa oili haimwagiki yote. Masalio hubaki katika njia zake, na karatasi ya pili hubeba deni la ile ya kwanza. Ya tatu ndiyo husema wazi zaidi.

Silikoni huwadanganya watu wengi. Kwa kawaida ni dalili ya vumbi, na sisi wa nchi ya udongo mwekundu twalijua vumbi. Lakini gundi ambayo fundi hupaka kwenye gasketi nayo ina silikoni. Ikiwa silikoni imepanda peke yake, kisha ikashuka kila oili ibadilishwapo, hiyo ni gundi. Ikipanda pamoja na alumini na chuma, wala isishuke, kagueni filta ya hewa na mipira yake upesi, maana vumbi humaliza ringi mpya kwa muda mfupi.

Yako pia yasiyongoja karatasi ya tatu. Maji pamoja na sodiamu au potasiamu huonyesha kuwa maji ya rejeta yenye dawa yanavuja ndani. Kwa mashua ipozwayo kwa maji ya bahari, sodiamu yaweza kuwa ni chumvi ya bahari. Nako ni kuvuja vile vile, ila mahali pa kutafuta ni pengine. Lakini oili nyingine hutengenezwa na sodiamu ndani yake, basi yafaa kupeleka na kichupa cha oili mpya ili kulinganisha. Oili iliyokuwa nyepesi kwa kuingiwa na dizeli nayo haina subira: haiwezi kuitenga krenki na beringi, na beringi ni mpya.

Kichupa kiwe kikavu na safi. Chukueni oili ikiwa moto, injini imetoka kazini sasa hivi, wala si ile ya kwanza kumwagika wala ya mwisho. Andikeni saa za injini, saa za oili, na tarehe ya matengenezo. Bila hayo mtu wa maabara hubahatisha tu.

Mwisho, jueni kuwa vyombo vya maabara vinavyotumika sana huona chembe ndogo tu. Kipande kipitacho sehemu moja ya mia ya milimita karibu hakionekani katika tarakimu. Kwa hiyo fundi na aikate filta ya oili, aikunjue karatasi yake juani, apitishe na sumaku. Akiona magamba ya beringi yanang'aa humo, injini isiwashwe tena, hata kama karatasi ya maabara ni safi.