Mtoto Asome Kitabu Chenyewe

Hotuba ya walimu wa Kiingereza kwa wazazi, wanafunzi na viongozi wa kanisa, Kitui na Makueni

 

Sisi tunaosema nanyi leo ni walimu wa Kiingereza katika shule za sekondari za kutwa, na pia ni waumini wenzenu. Wengine wetu wanafundisha upande wa Kitui, wengine upande wa Makueni, ng'ambo ya mto Athi. Tumeombwa tuzungumze juu ya kazi za kusoma na kuandika ambazo watoto hupewa katika somo la Kiingereza. Huenda mzazi anajiuliza: hayo yananihusu nini mimi, na Kiingereza changu kiliishia darasa la nne? Yanakuhusu sana, baba. Yanakuhusu sana, mama. Hebu tusikilizane.

Alama ziko wapi?

Mtihani wa KCSE wa Kiingereza una karatasi tatu, jumla yake alama 200. Wazazi wengi hudhani kwamba alama hizo zote ni za sarufi, yaani kujua kupanga maneno vizuri. Sivyo. Sarufi yenyewe ina alama 15 tu. Vitabu vya fasihi, vile watoto wanaita setibuku, vina alama 65: swali la dondoo kutoka kwa tamthilia ya lazima alama 25, insha juu ya riwaya ya lazima alama 20, na insha juu ya kitabu cha kuchagua alama 20. Ongeza insha ya kubuni alama 20, na uandishi wa kikazi, kama vile barua, ripoti au kumbukumbu za mkutano, alama 20 nyingine. Jumlisheni hapo. Ni alama 105 kati ya 200. Zaidi ya nusu ya mtihani inamtaka mtoto awe amesoma vitabu, au awe amezoea kuandika.

Na hizo haziwezi kupatikana kwa kuamka usiku wa kuamkia mtihani. Kusoma na kuandika ni kama mitaro ya fanya juu tunayochimba shambani. Huchimbi leo mvua ikiwa imeshafika kwa jirani. Unachimba wakati wa kiangazi, kidogo kidogo, ili mvua ikija udongo usiondoke.

Ugonjwa wa mwongozo

Sasa tuseme wazi shida iko wapi. Watoto wetu wengi hawasomi kitabu chenyewe. Wanasoma mwongozo. Mwongozo ni kile kijitabu kinachosimulia hadithi kwa ufupi, kinaorodhesha wahusika na tabia zao, kisha kinatoa maswali na majibu. Mtoto anameza hayo kama dawa, na siku ya mtihani anayatapika kwenye karatasi.

Tuchukue mfano. Riwaya ya lazima iliyoanza kutahiniwa mwaka wa 2023 ni Fathers of Nations ya Paul Vitta. Hadithi yake iko Banjul, mji mkuu wa Gambia, ambako viongozi wa Afrika wamekutana. Wako wanaume wanne, kila mmoja na uchungu wake, wanaotaka mkutano ule uchukue njia nyingine. Mwongozo utamwambia mtoto kwamba fulani ana hasira na fulani ni mwenye msimamo. Sawa. Lakini mtahini hakuulizi orodha ya tabia. Anakupa jambo moja, anakuambia ulithibitishe kwa kutumia matukio ya kitabuni. Mtoto aliyesoma kitabu ana matukio kichwani. Anajua nani alisema nini, akiwa wapi, na kilichofuata ni nini. Aliyesoma mwongozo ana majina ya tabia tu, na swali likigeuzwa kidogo, amepotea.

Tunajua pia kwa nini watoto wanakimbilia mwongozo. Kitabu kimoja mara nyingi kinapita katika mikono ya watoto wanne au watano. Anayeishi mbali na shule anafika nyumbani jioni, anachota maji, anatafuta kuni, na koroboi ikiwashwa mafuta yanapimwa. Akikipata kitabu siku mbili tu, atafanya nini? Anatafuta njia ya mkato. Kwa hiyo hatukuja hapa kuwagombeza vijana. Tumekuja kusema kwamba jambo hili haliwezi kutatuliwa na shule peke yake.

Kumbukeni habari ya Filipo na yule Mwethiopia katika Matendo ya Mitume, sura ya 8. Yule mtu alikuwa na kitabu cha nabii Isaya mkononi, akikisoma garini mwake. Filipo alimwuliza kama anayaelewa anayoyasoma, kisha akapanda akaketi naye, wakaanzia pale pale alipokuwa akisoma. Hakumnyang'anya kitabu akampa muhtasari. Mtoto naye anahitaji hayo mawili: kitabu chenyewe, na mtu wa kuketi naye.

Mzazi asiyejua Kiingereza anaweza nini?

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Mama anasema, "Mwalimu, mimi nitamsaidiaje na hata sijui kilichoandikwa?" Tunamjibu: Mama, mwambie akusimulie. Akisoma sura moja, mwambie akueleze kwa Kikamba nini kimetokea. Wewe endelea kuchambua ndengu zako huku unasikiliza. Halafu uliza maswali kama vile ungeuliza habari ya jirani: Kwani huyo mtu alifanya hivyo kwa nini? Mke wake alisema nini? Wewe ungekuwa yeye ungefanyaje? Ukiona mtoto anababaika, ujue hajasoma, au amesoma bila kuelewa. Atarudi kwenye ukurasa mwenyewe.

Hiyo si njia ya mchezo. Maswali hayo ya mama ndiyo yale yale ya mtahini, ila mtahini anayauliza kwa Kiingereza. Mtoto aliyekwisha kuielewa hadithi kwa lugha ya nyumbani amebakiwa na kazi moja tu, ya kutafuta maneno. Asiyeielewa ana kazi mbili kwa pamoja, na zote zinamshinda.

Wengine husema Kikamba ndicho kinaharibu Kiingereza cha watoto. Ni kweli kuna makosa yanayotoka kwa lugha ya nyumbani. Kikamba, kama Kiswahili, hakina neno moja la "yeye" mwanamume na jingine la "yeye" mwanamke, kwa hivyo mtoto anamwandika mama yake kama mwanamume. Makosa hayo yanarekebishwa kwa kuandika na kusahihishwa, wala si kwa kumfunga mtoto mdomo nyumbani.

Tuna shahidi wa karibu. Profesa John Mbiti alizaliwa Mulango, hapo karibu na mji wa Kitui, mwaka wa 1931. Alikuwa kasisi wa Kianglikana na msomi ambaye vitabu vyake vinasomwa ulimwenguni kote. Kitabu chake kilichotoka mwaka wa 1954 kilikuwa cha Kikamba, Mutunga na Ngewa Yake. Alikusanya hadithi walizosimulia watu wetu, akazitoa kwa Kiingereza mwaka wa 1966 katika kitabu Akamba Stories. Mwaka wa 2014 alitoa Agano Jipya kwa Kikamba, alilolitafsiri moja kwa moja kutoka kwa Kigiriki. Alifariki mwaka wa 2019. Mtu huyo hakukiacha Kikamba ili ajue Kiingereza. Alizichukua ngewa za nyumbani akazifanya kazi ya kuandika. Na fasihi simulizi, yaani ngewa, ndai, methali na nyimbo, imo ndani ya somo la Kiingereza la sekondari. Susu anayetega ndai jioni anafundisha sehemu ya somo hilo, hata kama hajawahi kukanyaga darasani.

Insha ya kukariri

Tukija kwa kuandika, ugonjwa ni ule ule, umevaa nguo nyingine tu. Watoto wanakariri insha nzima, wanaingia nayo kwenye chumba cha mtihani. Swali liwe la harusi au la ajali, insha inaanza kwa jua lile lile na ndege wale wale. Wengine wanaandika juu ya theluji!

Sisi huwaambia: andika ulichokiona. Nani kati ya watoto wa hapa hajaona mto wa mchanga ukishuka ghafula, maji mekundu yakibeba magogo, na watu wakiwa ng'ambo hawawezi kurudi? Nani hajaenda kuchimba kisima mchangani, akangoja maji yakusanyike kata kwa kata? Soko la Mutomo, stendi ya Emali, mavuno ya ndengu yakikutana na mvua isiyotarajiwa: hizo zote ni insha. Mtoto akieleza jambo analolijua, hata kwa maneno mepesi, msomaji anamwamini.

Na ule uandishi wa kikazi, jamani, mnao hapa hapa kanisani. Kikundi chenu cha maji kinakutana kila mwezi. Nani anaandika kumbukumbu? Mpeni kijana wa kidato cha tatu akae pembeni, aandike nani amehudhuria, ajenda gani, nini kimeamuliwa. Awasomee kwa Kiswahili, kisha aiandike kwa Kiingereza ampelekee mwalimu wake. Barua ya kuomba basari asiandikiwe na mjomba, aandike mwenyewe, mjomba asome. Hivyo kikundi kinapata karani, na mtoto anapata mazoezi ambayo daftari la shule haliwezi kumpa.

Mwethya wa kusoma

Sisi Wakamba tunajua mwethya. Kuchimba bwawa, kukata mitaro, kujenga nyumba ya mjane: mtu mmoja hawezi, lakini mwethya unaweza. Basi tunaomba mwethya wa kusoma. Si jambo la gharama kubwa. Tuwagawie kila mmoja sehemu yake.

Kwanza, wazazi. Mpeni mtoto saa moja ya jioni ambayo haitavunjwa. Maji yachotwe kabla, na kazi zigawanywe kwa wavulana na wasichana sawasawa, kwa maana msichana ndiye anayeinama jikoni huku kaka yake ameshika kitabu. Tena usomaji wa kwanza wa kila kitabu uishe likizo za Aprili na Agosti. Mvua ya Oktoba ikianza kila mkono unaitwa shambani, na mtihani uko mlangoni.

Pili, kanisa. Jengo hili lina taa ya sola, na siku nyingi jioni linakaa tupu. Lifunguliwe jioni mbili kwa wiki, mzee mmoja akae na watoto hadi wamalize, nao waende nyumbani kwa makundi. Familia nne au tano zichange zinunue nakala moja ya kitabu, kiwekwe hapa, kisomwe kwa sauti kwa zamu. Kitabu kimoja kikisomwa kwa sauti kinatosha watoto kumi. Penye maktaba karibu itumiwe. Huduma ya Maktaba ya Taifa iliweka maktaba Mwingi, na upande wa Makueni Kinyambu, Kithasyu na Mutyambua.

Tatu, sisi walimu. Darasa la wanafunzi 60, ukimpa kila insha dakika tano, ni saa tano za kusahihisha kwa darasa moja. Ndiyo sababu walimu wengi hutoa insha moja kwa mwezi. Afadhali aya moja fupi kila wiki, wanafunzi wasomeane wawili wawili na kuulizana, na mwalimu asahihishe daftari 15 kila mara. Kwa wiki nne amewafikia wote 60.

Nne, nyinyi vijana. Mwongozo usiufungue kabla hujamaliza kitabu. Ukishamaliza, ufungue, ubishane nao. Mahali usipokubaliana nao, andika kwa nini. Hapo umeanza kusoma kweli.

Mzazi mmoja alituuliza: mbona tuhangaike, na 8-4-4 inaisha? Ni kweli, darasa la mwisho la KCSE linatarajiwa kufanya mtihani mwaka wa 2027, na wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari ya juu Januari 2026. Lakini huko nako Kiingereza ni somo la lazima. Karatasi zinaweza kubadilika majina. Mtoto asiyeweza kusoma kitabu hadi mwisho, wala kuandika ukurasa mmoja wa mawazo yake mwenyewe, atapata taabu katika mpango wowote.

Na tusifikirie mtihani tu. Kijana huyu kesho atapewa mkataba wa shamba autie sahihi. Atasoma karatasi ya dawa ya mtoto wake. Atakuwa karani wa mradi wa maji, na pesa za watu zitategemea alichoandika. Aliyezoea kupewa muhtasari na mtu mwingine atatia sahihi muhtasari wa mtu mwingine.

Wapendwa, haba na haba hujaza kibaba. Jioni ya leo, kabla ya kulala, mwulize mtoto wako swali moja tu: Kitabu unachosoma kimefika wapi? Kisha nyamaza, umsikilize. Mungu awabariki.