Somo la Afya: Kupima Mionzi Ndani ya Mwili wa Mgonjwa

Mwalimu wenu aandike ubaoni neno moja: KIPIMO.

Neno hili mnalijua. Ukinunua mchele wa Kyela katika soko la Mwanjelwa, unatazama kwa macho yako kama debe limejaa. Mkulima wa kahawa wa Mbozi hupima dawa ya kunyunyizia. Ikipungua, wadudu hawafi. Ikizidi, majani huungua.

Je, kitu kisichoonekana, kisicho na harufu wala uzito, hupimwaje?

Kitu hicho ni mionzi inayotibu saratani. Katika Tanzania, saratani inayowapata wanawake wengi zaidi ni ya shingo ya kizazi. Mionzi huua chembe za ugonjwa huo. Lakini mbele ya shingo ya kizazi kuna kibofu cha mkojo, na nyuma yake kuna utumbo wa haja kubwa. Mionzi ikipungua, ugonjwa hubaki. Ikizidi, hujeruhi kibofu na utumbo. Kwa hiyo ni lazima ipimwe.

Kwa miaka mingi wagonjwa wetu wamesafiri mpaka Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kutoka Iringa ni mwendo wa kilomita 500 hivi. Kutoka Mbeya ni zaidi ya 800.

Huko mionzi hupimwa kwa grei, kama mchele upimwavyo kwa kilo. Jina hilo latokana na Mwingereza Louis Harold Gray. Mara nyingi mgonjwa hupata grei 2 hivi kila siku, siku 5 kwa juma, kwa muda wa majuma 5. Baadaye chanzo kidogo cha mionzi huingizwa ndani, karibu kabisa na ugonjwa, kisha hutolewa.

Wataalamu hupiga hesabu kwanza. Lakini hesabu ni ya karatasi, na mwili ni mwili. Mgonjwa akisogea kidogo, kiasi hubadilika. Basi wanaweza kuweka kipima-mionzi juu ya ngozi, au kuingiza kingine, chembamba kama penseli, katika njia ya haja kubwa. Waya wake hupeleka habari kwenye mashine iliyo nje, nayo huonyesha utumbo umepokea kiasi gani.

Kuna pia vipande vya madini, vidogo kama punje ya mchele. Vikipigwa na mionzi huweka nguvu yake ndani. Vikipashwa moto baadaye, hutoa mwanga. Mwanga ukiwa mwingi, mionzi ilikuwa mingi. Kuanzia mwaka 1969, kwa miaka mingi, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilikuwa likipeleka vipima-mionzi vya namna hii kwa posta katika hospitali za nchi nyingi, ili mashine zao zikaguliwe.

Sasa sikiliza sana, ndugu yangu. Wewe nawe una kazi katika kipimo hiki. Ukiambiwa ulale bila kutikisika, tulia. Ukiambiwa ukojoe kwanza, au usikojoe, fuata, kwa sababu kibofu kikijaa hubadili mahali pa viungo. Na usirudi nyumbani katikati ya matibabu kwa sababu mahindi yameiva. Grei 30 si grei 50. Debe lisilojaa halilishi nyumba, na matibabu yaliyokatwa huacha ugonjwa. Shida ya nauli au ya malazi ikikupata, mwambie muuguzi mapema. Kabla ya safari, kubalianeni nyumbani nani atavuna.

Maswali ya kujadiliana darasani:

1. Kwa nini mionzi haifai kupungua wala kuzidi?
2. Kipima-mionzi huwekwa wapi?
3. Jirani yako akienda kutibiwa majuma mengi, mtamsaidiaje shambani?

Kwa herini mpaka somo lijalo.