Masomo ya Jumamosi na Mlango wa Chuo Kikuu

(Hotuba ya mwalimu wa sekondari mbele ya wazazi na wanafunzi, Siku ya Wakimbizi Duniani)



Wazazi wengi huniuliza: "Mwalimu, hayo masomo ya Jumamosi na klabu ya mdahalo yatamwingiza mtoto wangu chuo kikuu?" Leo nijibu mbele ya wote.

Kwanza ni alama. Ufadhili wa DAFI, ulioanzishwa mwaka 1992 na Serikali ya Ujerumani pamoja na UNHCR, huwataka waombaji wawe wamemaliza sekondari kwa matokeo mazuri. Hapa Tanzania cheti cha Burundi hupelekwa pia Baraza la Mitihani kulinganishwa. Hakuna cheti cha klabu kinachofuta alama mbaya.

Pili ni lugha. Mimi ni mtoto wa Jabe, Bujumbura. Mtaani tulisema Kiswahili, darasani Kirundi na Kifaransa, na chuo cha ualimu nilikisoma kwa Kifaransa. Watoto wetu nao wamefuata mtaala wa Burundi, lakini vyuo vikuu vya Tanzania hufundisha kwa Kiingereza. Hapo ndipo Jumamosi inapokuwa na faida.

Nilikuwa na wanafunzi wawili. Msichana alikuwa wa kwanza darasani, mvulana wa nne. Wote waliitwa kwenye usaili wa ufadhili. Mvulana, aliyezoea mdahalo, alijieleza vizuri. Msichana aliulizwa kwa Kiingereza kwa nini anataka kusomea uuguzi. Alikaa kimya mpaka machozi yakamtoka. Hakuchukuliwa. Hakuwa mvivu wala mjinga. Kila Jumamosi alikuwa bombani na ndoo, kisha akabaki na wadogo zake. Na mimi mwalimu wake sikwenda hata siku moja kuzungumza na mama yake. Kosa hilo ni langu.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Wazazi, zamu ya maji iwahusu na watoto wa kiume, ili wasichana waje Jumamosi. Vijana, someni kwanza. Msikimbilie vyeti vya kujaza bahasha. Ndugu zetu wa mashirika, msimpime mtoto kwa wingi wa vyeti vyake. Muulizeni pia ana kazi gani nyumbani, maana anayelea wadogo watano naye ameonyesha uwezo.

Nafasi ni chache. Kwa hesabu za UNHCR, vijana wakimbizi waliofika elimu ya juu duniani walikuwa asilimia 3 mwaka 2019, na asilimia 7 mwaka 2023. Lengo ni asilimia 15 ifikapo 2030. Tusipoteze hata nafasi moja kwa sababu ya ndoo ya maji.

Msichana yule ameomba tena mwaka huu. Jumamosi yuko darasani, na kaka yake ndiye anayechota maji.