Kipimajoto Kipewe Mamlaka

Jumapili ya tarehe 10 Septemba 2017, kimbunga Irma kiliipiga Florida, kusini mwa Marekani. Katika mji wa Hollywood, kaskazini ya Miami, makao ya wazee na wagonjwa yaitwayo Rehabilitation Center at Hollywood Hills yalinusurika na upepo. Paa halikuezuliwa, taa ziliendelea kuwaka. Kilichozimika ni umeme wa mtambo mkuu wa viyoyozi, kwa hitilafu ya fyuzi kwenye transfoma yake, na jengo lenye wakaazi zaidi ya 140 likaanza kupata joto saa baada ya saa.

Wafanyakazi walijua tangu siku ya kwanza kwamba viyoyozi vimezima. Waliwapigia simu watu wa umeme, wakaleta mapangaboi na viyoyozi vidogo vya kuhamishika, wakangoja. Jenereta ilikuwepo, ila haikuunganishwa na mtambo wa kupoza hewa. Hospitali kubwa ilikuwa ng'ambo ya barabara. Asubuhi ya Jumatano, tarehe 13, ndipo wakaazi wote walipoondolewa, na wakati huo baadhi yao walikuwa wameshaanza kufa. Vifo 12 vilihesabiwa kuwa vimesababishwa na joto lile.

Msiba huo unafaa kukumbukwa kila muuzaji anapoyajia makao ya wazee na mifumo ya kuendesha majengo kwa kompyuta. Mifumo yenyewe ni mizuri, na utendaji wake haufichiki. Vihisio hupima joto, unyevu, hewa na maji. Kompyuta hulinganisha vipimo hivyo na kiwango kilichowekwa, kisha hufungua vali, huongeza kasi ya feni, huwasha boila au hutuma tahadhari kwenye simu ya fundi. Maofisini mitambo hii hununuliwa zaidi kwa ajili ya kupunguza bili ya umeme. Kwa wazee, bili ni jambo dogo.

Karani akisikia joto hulalamika, hufungua dirisha au hutoka nje. Mzee wa miaka 85 aliyelala kitandani hawezi hayo. Mwili wake hutoa jasho kidogo na kiu humjia kwa kuchelewa. Baadhi ya dawa anazomeza, zikiwemo za kupunguza maji mwilini, humwongezea hatari. Akiwa na maradhi ya kusahau, huenda asitambue kabisa kinachomsibu, sembuse kumwambia mtu. Kihisio kilichofungwa kwenye ukuta wa chumba chake ndicho kinachomlalamikia, usiku na mchana.

Lakini malalamiko yanahitaji mtu wa kuyatekeleza. Kule Hollywood Hills habari ya viyoyozi kuzima ilikuwa mikononi mwa kila mtu. Hata kiwango kilikuwepo: kanuni za serikali ya shirikisho ya Marekani zinayataka makao ya uuguzi yaliyoidhinishwa baada ya tarehe 1 Oktoba 1990 yadumishe joto kati ya nyuzi 71 na 81 za Fahrenheit, yaani takriban 22 hadi 27 za Selsiasi. Kilichokosekana ni nguvu ya kuitii namba hiyo mtambo unapokufa, na amri iliyo wazi kwamba joto likivuka hapa, watu wanahamishwa.

Florida ilijifunza kwa gharama kubwa. Sheria iliyopitishwa mwaka 2018 inayalazimisha makao ya uuguzi kuwa na chanzo mbadala cha umeme cha kuwapoza wakaazi kwa saa 96, joto lisizidi nyuzi 81 za Fahrenheit. Ufaransa nayo, baada ya joto kali la Agosti 2003 lililoua watu wapatao 15,000, wengi wao wazee, iliyaagiza makao ya wazee yawe na walau chumba kimoja kilichopozwa ambamo wakaazi wanaweza kukusanywa. Hatua hizi zote mbili ni za nyaya, mafuta na kuta. Kompyuta yenye akili ya namna yoyote haiwezi kupoza chumba bila umeme.

Pale ambapo kompyuta inamshinda binadamu kwa uhakika ni kwenye maji.

Bakteria wa Legionella, wanaosababisha homa ya mapafu inayoua, hustawi katika maji ya vuguvugu. Mwaka 2015 waliyaingia makao ya wanajeshi wastaafu ya Quincy, jimboni Illinois, na wakaazi 12 wakafa. Ili kuwazuia bakteria hao, mamlaka za Uingereza zinataka maji ya moto yahifadhiwe kwa nyuzi 60 za Selsiasi au zaidi, na maji baridi yabaki chini ya nyuzi 20. Lakini maji ya nyuzi 60 humbabua mzee kwa sekunde chache, kwa hiyo yakifika kwenye bafu lake lazima yawe yamechanganywa, yasizidi nyuzi 44. Zamani fundi alizunguka na kipimajoto na daftari, bomba moja baada ya jingine. Vihisio hupima mabomba hayo bila kukoma, huweka kumbukumbu, na hugundua lile bomba la chumba kitupu ambalo maji yake yamesimama kwa siku kadhaa.

Katika makao mengi ya Marekani na Uingereza, anayebaki na wazee usiku ni mlezi mhamiaji, na miongoni mwa walezi hao wamo Wakenya na Waafrika Mashariki wengine wengi. Huyo ndiye wa kwanza kusikia king'ora. Ni dhuluma kumwachia skrini inayomulika nyekundu bila kumpa ruhusa ya kuita magari ya wagonjwa mpaka meneja aamke. Ruhusa hiyo iandikwe, ibandikwe ukutani, na ifanyiwe mazoezi. Mfumo nao ujaribiwe kwa kuzima umeme wa jengo kwa makusudi, mchana, mafundi wakiwepo, ili ijulikane ni mashine zipi zinazobaki hai.

Mwenye kumpeleka mzazi wake kwenye makao ya aina hiyo asiridhike kuonyeshwa bustani na ukumbi wa televisheni. Aombe kumbukumbu za joto la vyumba na la maji kwa mwezi uliopita. Aulize jenereta inaendesha viyoyozi au taa tu, na mafuta yake yanatosha saa ngapi. Aulize ni nani, saa nane za usiku, mwenye mamlaka ya kuwatoa wazee nje. Asipopata majibu, atafute makao mengine.