Cheti Kimoja Hakitoshi

Kijana aingiaye Nairobi na cheti kimoja mfukoni, akabisha hodi ofisi kumi na kuambiwa "hapana kazi", hudhani kwamba amekosa bahati tu. Huenda ni kweli. Lakini yafaa ajiulize pia: tangu siku ile alipopewa cheti, amejiongezea nini?

Tazameni habari za Tom Mboya. Mwaka 1947 alitoka shule ya Mang'u kwa kuwa fedha za kuendelea hazikupatikana. Wenye ndugu wadogo wa kusomeshwa waijua taabu hiyo. Mwaka 1948 alianza kujifunza ukaguzi wa afya, akasoma katika Jeanes School huko Kabete, magharibi ya mji, akafuzu mwaka 1950, na Baraza la Mji likamwajiri. Kazi yake mojawapo ilikuwa kupima maziwa. Wengi wangaliridhika na mshahara huo. Yeye alijiandikisha katika chuo cha Afrika ya Kusini kilichofundisha kwa njia ya posta, akajifunza elimu ya uchumi.

Wala mji wenyewe haukumrahisishia mambo. Maktaba ya McMillan ilikuwako katikati ya mji tangu 1931, lakini siku hizo ilikuwa ya Wazungu. Baraza la Mji liliitwaa mwaka 1962. Kabla ya hapo, mwaka 1953, mpima maziwa yule alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi Kenya, na mwaka 1955 akaenda kusoma Ruskin College, Oxford.