Vijana Watokapo Jandoni



Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa kwanza wa Masasi tangu 1926, hakulipiga jando marufuku. Alilitia sala za Kikristo. Naona alifanya vema. Lakini mwari akiisha kutoka, kungwi hurudi shambani kwake, na kijana hubaki peke yake. Hasa yule aliyesoma kidogo akaanza kuwadharau wazee.

Hapo ndipo sisi makarani tuhitajiwapo. Kila mmoja achukue vijana wawili, apande nao Newala hata Shimo la Mungu, walitazame bonde la Ruvuma. Kisha waketi kwa mchonga vinyago, wamwulize habari za lipiko, na kwa nini huchezwa jandoni. Nauli tutoe wenyewe.