Dikteta Aliondoka, Sheria Zake Zikabaki

(Yafuatayo ni maelezo ya mhadhara uliotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma.)



Watu wengi hudhani kwamba utawala wa mabavu hufa siku ile mtawala anapotoka Ikulu. Bendera hupepea, nyimbo huimbwa, milango ya magereza hufunguliwa, na magazeti ya nchi za nje huandika kwamba demokrasia imezaliwa. Lakini kesho yake karani yule yule hurejea kwenye meza ile ile, hufungua jalada lile lile, na kuendesha kazi kwa sheria iliyotiwa saini na yule aliyeondoka. Hapo ndipo penye mambo. Nchi ya Chile, kule Amerika ya Kusini, yafaa itazamwe kwa makini zaidi katika jambo hili, kwa sababu dikteta wake hakupinduliwa wala hakukimbia. Aliondoka kwa utaratibu alioupanga yeye mwenyewe.

Jenerali Augusto Pinochet na wenzake waliipindua serikali ya Rais Salvador Allende, iliyokuwa imechaguliwa na wananchi, tarehe 11 Septemba, 1973. Mwaka 1980 utawala wake ulitunga Katiba mpya, nayo ikapitishwa kwa kura iliyopigwa pasipo hata daftari la wapiga kura. Katiba hiyo iliagiza kwamba mwaka 1988 wananchi waulizwe kama wanakubali jenerali huyo aendelee kwa miaka minane mingine. Aliamini kwamba atashinda. Tarehe 5 Oktoba, 1988, asilimia 55 hivi ya waliopiga kura walisema hapana.

Kati ya kura hiyo na tarehe 11 Machi, 1990, siku ambayo Patricio Aylwin aliapishwa kuwa Rais, ilipita miezi kumi na saba. Miezi hiyo haikupotea bure. Serikali iliyokuwa ikiondoka ilitunga sheria moja baada ya nyingine, ambazo Wachile wenyewe walizipa jina linalotokana na kamba ifungayo chombo gatini. Chombo kilipewa nahodha mpya, lakini kamba haikukatwa. Maofisa walioteuliwa na udikteta walilindwa wasiondolewe kazini. Mahakimu wazee wa Mahakama Kuu walipewa malipo mazuri ili wastaafu mapema, na nafasi zao wakapewa wengine wenye umri mdogo zaidi ambao wangekaa miaka mingi. Watu wakaiita sheria hiyo kuwa ni ya peremende. Jina hilo lina mzaha, bali kazi yake haikuwa mzaha hata kidogo.

Katika Bunge mambo yalikuwa hivyo hivyo. Katika uchaguzi wa Desemba 1989 kambi ya demokrasia ilipata viti 22 vya Seneti kati ya viti 38 vilivyogombewa. Kwa hesabu ya kawaida huo ni ushindi. Lakini Katiba iliweka maseneta wengine 9 wasiochaguliwa na mtu yeyote mitaani, nao walipoungana na wale 16 wa upande wa kulia, walioshindwa wakawa ndio walio wengi. Aidha, kila jimbo lilikuwa na viti viwili, na ili kambi moja ivitwae vyote ilipaswa kupata kura maradufu ya kambi iliyoifuata. Katika jimbo la magharibi ya Santiago, Ricardo Lagos alipata asilimia 30 hivi ya kura na kukosa kiti. Jaime Guzmán, ambaye ni mmoja wa waandishi wakuu wa Katiba ile, alipata asilimia 17 hivi na kwenda Seneti. Utaratibu huo wa uchaguzi uliendelea mpaka ulipofutwa mwaka 2015.

Je, Rais mpya hakuweza kutumia mamlaka yake? Mamlaka gani? Katiba ilimnyima hata uwezo wa kumwondoa Mkuu wa Jeshi, na Mkuu wa Jeshi alikuwa Pinochet mwenyewe. Alishika cheo hicho mpaka Machi 1998, kisha akavaa joho la useneta wa maisha. Mwezi Desemba 1990, Wabunge walipokuwa wakichunguza hundi ambazo jeshi lilimlipa mwanawe, askari waliitwa makambini wakae tayari. Mei 1993 walionekana katikati ya Santiago wakiwa na mavazi ya vita. Hakuna risasi iliyopigwa, wala haikuhitajika. Isitoshe, jeshi halikuwa na haja ya kuja Bungeni kuomba fedha za silaha, kwa kuwa sheria ililipa asilimia 10 ya mauzo ya nje ya shirika la shaba la taifa, Codelco. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2019.

Yafaa ikumbukwe, hata hivyo, kwamba sheria haijisomi yenyewe. Mwaka 1978 utawala wa kijeshi ulitoa msamaha kwa makosa yaliyofanywa tangu mapinduzi, na kwa miaka mingi mahakama ziliutumia kufunga majalada ya watu waliotoweka. Msamaha huo haukufutwa. Lakini kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 mahakimu waliusoma kwa jicho jingine: mtu aliyekamatwa na asionekane, maiti yake isipatikane, bado ametekwa, na kosa linaloendelea haliwezi kuwa limesamehewa mwaka 1978. Maneno ya karatasi yalikuwa yale yale. Aliyebadilika ni msomaji. Kwa tafsiri hiyo maofisa wengi walihukumiwa, ingawa Pinochet mwenyewe alifariki Desemba 2006 bila ya hukumu.

Sasa, ndugu walimu, lipo jambo linalowahusu zaidi. Tarehe 10 Machi, 1990, siku moja kabla Aylwin hajaapishwa, ilitangazwa sheria kuu ya elimu. Iliweka masharti mepesi kwa mtu binafsi aliyetaka kufungua shule na kupokea fedha za umma, na kuibadilisha kulihitaji sehemu nne kwa saba za Wabunge wote. Mwaka 2006 wanafunzi wa sekondari, walioitwa pengwini kwa ajili ya sare zao, waliingia mitaani kwa maelfu kuipinga. Wengi wao walikuwa wamezaliwa karibu na mwaka ule sheria ilipotangazwa. Ilifutwa mwaka 2009.

Marekebisho makubwa ya Katiba yalikuwa yamefanywa mwaka 2005, wakati Lagos yule yule aliyenyimwa kiti alipokuwa Rais: maseneta wa kuteuliwa waliondolewa, na Rais akarudishiwa uwezo juu ya wakuu wa majeshi. Wengi walidhani kazi imekwisha. Oktoba 2019 nauli ya treni za chini ya ardhi mjini Santiago ilipanda kwa peso 30, na nchi ikawaka. Waandamanaji walisema kwamba si peso 30, bali ni miaka 30. Mwaka 2020 asilimia 78 walitaka Katiba mpya. Rasimu iliyoandikwa na baraza lenye watu wengi wa upande wa kushoto ilikataliwa mwaka 2022 kwa asilimia 62 hivi. Na ile iliyoandikwa na baraza lenye watu wengi wa upande wa kulia ikakataliwa mwaka 2023. Katiba ya 1980, yenye viraka vyake vyote, ikabaki, na safari hii kwa kura huru. Hilo ndilo gumu kulieleza. Nyumba iliyojengwa kwa mabavu ikikaliwa muda mrefu, wakazi hujua walau mlango uko wapi, nao huogopa kulala nje huku mafundi wakigombana.

Yapo na madeni. Kuanzia mwaka 1981 udikteta uliziondoa shule katika Wizara na kuzikabidhi kwa manispaa. Walimu wakaacha kuwa watumishi wa dola, na nyongeza maalumu ya mshahara waliyokuwa wamepewa kisheria mwaka ule ule hawakulipwa na mwajiri mpya. Nyongeza ilipokosekana katika mshahara, ilikosekana pia katika pensheni. Serikali za kidemokrasia zilikuja na kuondoka, kila moja ikikiri kwamba walimu wamedhulumiwa, na kila moja ikisema kwamba fedha hazitoshi. Mwaka 2025 ndipo sheria ya fidia ilipoanza kutumika: peso milioni 4.5 kwa kila mwalimu, kwa walimu wapatao 57,000, wakitanguliwa na walio wazee zaidi. Tangu shule zilipohamishwa ilikuwa imepita miaka 44, na maelfu ya wadai walikuwa wamekwisha kufa.